Kiduha na Wenzake: Magugu Yanayonyonya Mazao

Magugu ya kawaida hugombea na mazao mwanga, maji na mbolea. Magugu vimelea hayana haja ya kugombea: huingiza kiungo cha kunyonya ndani ya mzizi au shina la mmea mwingine na kujichotea humo. Kati ya mimea yote inayotoa maua duniani, takriban aina 4,500, yaani kama moja katika kila mia, huishi kwa njia hiyo, nyingine kwa kiasi na nyingine moja kwa moja. Nyingi ni mimea ya porini isiyomgusa mkulima. Chache zilizoingia mashambani ndizo zilizoleta balaa, na barani Afrika inayoongoza ni jamii ya Striga, ambayo Tanzania hujulikana kama kiduha na wakulima wa Nyanza nchini Kenya huiita kayongo.

Kiduha hushambulia nafaka zinazobeba chakula cha kila siku: mahindi, mtama, uwele, ulezi na mpunga wa nchi kavu. Hakiachi hata miwa. Shamba lililoguswa kidogo hupoteza sehemu ya mavuno ambayo mkulima huenda asiitambue. Lililoshambuliwa sana huweza kubaki na mabua matupu. Ugumu wake haupo katika mmea unaoonekana, ambao ni mdogo, una maua ya kupendeza na hung'oka kwa mkono. Upo katika mbegu zilizolala ardhini. Hatua zote za kinga zilizofanikiwa zina lengo moja kati ya mawili: kupunguza mbegu hizo, au kuzizuia zisiufikie mzizi wa zao.

Aina zinazosumbua Afrika Mashariki

Striga hermonthica ndiyo aina kubwa na yenye madhara zaidi. Maua yake ni ya rangi ya waridi au zambarau, na mmea wenyewe hufika nusu mita au zaidi. Umetanda kutoka Senegal, kupitia Sudan na Ethiopia, hadi bonde la Ziwa Viktoria: Mara, Mwanza na Shinyanga kwa upande wa Tanzania; Siaya, Kisumu, Homa Bay na Busia kwa upande wa Kenya; pamoja na wilaya za mashariki mwa Uganda. Aina ya pili, Striga asiatica, ni fupi, kwa kawaida haizidi sentimita 30, na maua yake ni madogo mekundu. Hii hupatikana zaidi pwani, katikati na kusini mwa Tanzania, na kuendelea hadi Malawi na Msumbiji. Ya tatu, Striga forbesii, hupenda udongo mzito unaoshika unyevu.

Tofauti ya aina hizi ni zaidi ya rangi ya ua. Striga hermonthica haiwezi kujichavusha. Hutegemea wadudu wa kubeba chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kila kizazi kina mchanganyiko mpya wa sifa za urithi. Striga asiatica hujichavusha yenyewe. Ndiyo sababu aina ya mbegu ya mtama inayostahimili gugu hili katika wilaya moja huweza kushindwa katika wilaya nyingine: gugu lililoko huko si lile lile kwa tabia, hata kama jina ni moja.

Mikunde nayo ina adui wake. Alectra vogelii, mmea wa maua ya njano wenye mizizi ya rangi ya machungwa, hunyonya kunde, njugu mawe na karanga. Katika mabonde ya mpunga, Rhamphicarpa fistulosa, ambayo wakulima wa Kyela mkoani Mbeya huiita mbosyo, hushambulia mpunga unaotegemea mvua. Haya yote ni ya ukoo mmoja na kiduha, na yote hushika mizizi.

Safari ya mbegu moja

Mmea mmoja wa kiduha huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, na ulionawiri hupita 100,000. Kila mbegu ina urefu wa takriban theluthi moja ya milimita. Zikimwagwa kiganjani huonekana kama ugoro, na pumzi moja inatosha kuzipeperusha. Mbegu ndogo kiasi hicho haina akiba ya chakula ya kuuwezesha mche kujitegemea. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kushika, hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo imejengwa kusubiri, na huweza kukaa ardhini ikiwa hai kwa zaidi ya miaka kumi.

Kusubiri huko kuna hatua. Mbegu iliyodondoka leo haioti mara moja. Hupita kwanza miezi ya kukomaa. Msimu wa mvua ukifika, hulazimika kukaa katika udongo wenye joto na unyevu kwa wiki moja au mbili ndipo iwe tayari. Hata hapo haioti mpaka ipate ishara ya kikemikali kutoka kwenye mzizi wa mmea unaoifaa. Ishara hiyo ni kundi la kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza kutambuliwa ilitolewa kwenye mizizi ya pamba mwaka 1966, na kiasi kidogo mno kinatosha kuiamsha mbegu.

Kwa miaka mingi haikueleweka kwa nini mmea utoe kemikali inayomwita adui wake. Jibu lilipatikana mwaka 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba strigolaktoni huita kuvu wa udongoni ambao huishi na mizizi na kuisaidia kupata fosforasi. Udongo ukiwa umechoka, mmea huongeza wito huo ili upate msaada. Kiduha kimejifunza kusikiliza wito usiokuwa wake. Matokeo yake ni kwamba shamba lenye njaa ya fosforasi na naitrojeni ndilo linaloamsha mbegu nyingi zaidi za kiduha.

Mbegu ikishaamka hutoa kimzizi kinachokua milimita chache tu kuelekea ilikotoka ishara. Kikigusa mzizi wa hindi, ncha yake hugeuka kuwa haustoria, kiungo cha kunyonyea, ambacho hupenya gamba la mzizi hadi kwenye mirija inayopandisha maji. Kutoka hapo mche wa kiduha hukua gizani kwa wiki nne hadi saba ukipewa kila kitu na mahindi. Ukichomoza juu ya udongo huota majani ya kijani na kuanza kujitengenezea sehemu ya chakula chake, lakini haukati mrija. Vitundu vya hewa vya majani yake hubaki wazi hata wakati vile vya mmea unaonyonywa vimejifunga kuzuia ukame, na kwa njia hiyo kiduha huendelea kuvuta maji kuja kwake.

Kuibiwa maji na chakula ni nusu ya habari. Kiduha huvuruga pia mpangilio wa homoni za zao na kupunguza uwezo wa majani yake kufanya usanisinuru. Mahindi yaliyoshikwa hudumaa, majani huwa na michirizi ya manjano, na adhuhuri hunyauka ingawa udongo una unyevu. Mkulima asiyelijua tatizo hudhani ni ukame au upungufu wa mbolea. Sehemu kubwa ya hasara huwa imekwisha kutokea kabla ua la kwanza halijaonekana. Palizi ya kwanza, na mara nyingi hata ya pili, hufanyika adui akiwa bado chini ya jembe.

Kwa nini limeenea

Kiduha si mgeni Afrika. Kimekuwepo pamoja na mtama na uwele kwa maelfu ya miaka, na aina nyingi za asili za mtama zilijenga ustahimilivu wa kiasi. Mahindi yalikuja kutoka Amerika katika karne tano zilizopita, hayakuwahi kuishi na Striga, na kwa sehemu kubwa hayana kinga nayo. Popote mahindi yalipochukua nafasi ya mtama, gugu lilipata mwenyeji dhaifu zaidi.

Jambo la pili ni ardhi kukosa mapumziko. Zamani shamba lililochoka liliachwa miaka kadhaa, mbegu za kiduha zikapungua zenyewe kwa kukosa nafaka ya kushika. Familia zilipoongezeka na mashamba kugawanywa, nafaka ilianza kufuata nafaka kila msimu katika ekari ile ile, mabua yakilishwa mifugo na samadi ikibaki zizini. Rutuba ikashuka na mbegu za kiduha zikaongezeka. Mavuno yakipungua, mkulima hukosa fedha za mbolea, na udongo huzidi kuchoka. Ndiyo maana ramani ya kiduha hulandana sana na ramani ya mashamba madogo yenye udongo mwepesi uliokamuliwa.

Jambo la tatu ni uchukuzi. Mbegu husafiri kwa maji ya mvua, upepo, kwato, matope ya jembe la ng'ombe na viatu. Mbegu zilizoliwa na ng'ombe pamoja na mabua hupita tumboni na kutoka zikiwa hai, kwa hiyo samadi mbichi huweza kuzipeleka shamba safi. Njia ya mbali zaidi ni mbegu za kupanda. Masuke ya mtama yanayorundikwa chini katika shamba lenye kiduha kilichokomaa huzoa vumbi la mbegu, na mtama huo ukiuzwa gulioni kama mbegu, gugu hufika tarafa nyingine kabla ya mvua.

Kuzuia mbegu mpya

Hatua ya kwanza ya kinga ni ya bei ndogo kuliko zote: mbegu mpya isiingie shambani, na iliyomo isizae. Mbegu za kupanda zitoke mahali panapojulikana kuwa safi. Nafaka ipurwe juu ya turubai au sakafu, si juu ya udongo wa shamba. Samadi iozeshwe kwenye shimo la mboji mpaka ipate joto la kutosha. Jembe lililotumika kwenye kipande chenye gugu lioshwe kabla ya kuhamishiwa kwingine.

Kung'oa kwa mkono kuna sharti moja, nalo ni wakati. Kiduha huanza kutoa maua takriban wiki nne baada ya kuchomoza, na wiki chache baadaye vibumba vyake hupasuka. Kiking'olewa mapema mno, vingine hutoka chini. Kiking'olewa baada ya kutoa maua na kuachwa kati ya mistari, mbegu huendelea kukomaa juu ya mmea unaokauka. Kinachofaa ni kupita shambani maua yanapoanza, kisha tena baada ya wiki mbili au tatu, pamoja na kupita baada ya mavuno, wakati watu wengi wamekwisha kuliacha shamba na kiduha kinachelewa kukauka. Kilichong'olewa hutolewa nje na kuchomwa. Hesabu yake ni rahisi: mimea kumi iliyoachwa ikomae huweza kurudisha ardhini nusu milioni ya mbegu.

Kung'oa hakuokoi mavuno ya msimu huo, kwa sababu madhara yamekwisha fanyika. Wakulima wengi huikatia tamaa kazi hiyo baada ya msimu mmoja kwa kuwa hawakuona faida. Faida yake huonekana kuanzia msimu wa tatu au wa nne, na ni kubwa zaidi pale majirani wote wanapofanya hivyo.

Kumaliza mbegu zilizomo

Mbegu iliyolala haiwezi kuokotwa, lakini inaweza kudanganywa. Mazao kadhaa yasiyoshikwa na Striga hermonthica wala Striga asiatica hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu zao. Mbegu huota, hukosa mzizi wa kupenya, na kufa. Miongoni mwa mazao hayo ya mtego ni soya, karanga, kunde, mbaazi, pamba, ufuta na alizeti. Kuyapanda kwa kupokezana na nafaka hupunguza mbegu ardhini, na yale ya jamii ya mikunde huongeza naitrojeni. Msimu mmoja hautoshi, kwa kuwa sehemu ya mbegu tu ndiyo huwa tayari kuota kila mwaka. Aina za zao moja nazo hutofautiana: soya ya aina moja huamsha mbegu nyingi, ya aina nyingine chache.

Mmea mwingine uliofanyiwa kazi nchini Tanzania ni marejea, ambao wakulima wa kusini wameujua kwa miaka mingi kama mbolea ya kijani. Katika mashamba ya mpunga wa nchi kavu wilayani Kyela, kupokezanisha mpunga na marejea, kisha kuyafukia kabla hayajakomaa, kulipunguza kiduha chenye maua mekundu na kuongeza mavuno ya mpunga uliofuata.

Mbolea yenyewe ni kinga. Mmea uliopata naitrojeni na fosforasi ya kutosha hutoa strigolaktoni kidogo, na hivyo huamsha mbegu chache. Samadi iliyooza, mboji na mbolea za viwandani zote husaidia, mradi ziwekwe shimoni karibu na mbegu na si kutawanywa juu kidogo kidogo. Kiasi kidogo mno huweza kunenepesha mahindi na gugu pamoja. Faida hukua kadiri rutuba inavyojengwa mwaka hadi mwaka.

Vuta sukuma

Ugunduzi uliobadilisha mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya ulitokea watafiti wakishughulikia tatizo jingine. Katika miaka ya 1990, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kwa kushirikiana na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza na watafiti wa kilimo wa Kenya, kilikuwa kikitafuta mimea ya kuwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi. Mtafiti Zeyaur Khan na wenzake, wakifanya kazi Mbita kando ya Ziwa Viktoria, walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwasukume nondo, na matete kuzunguka shamba ili yawavute nje. Waliona kwamba katika vipande vyenye desmodiamu, kayongo ilikuwa imetoweka karibu kabisa.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hufanya mambo mawili kwa pamoja. Baadhi ya kemikali zake huamsha mbegu za Striga, na nyingine huzuia kimzizi kilichoota kisishike mzizi wa hindi. Kwa vile desmodiamu ni ya kudumu, kazi hiyo huendelea hata baada ya mahindi kuvunwa, na akiba ya mbegu hushuka kila msimu. Zaidi ya hayo ni mkunde, kwa hiyo huongeza naitrojeni, hufunika udongo, na hukatwa kuwa lishe ya ng'ombe na mbuzi. Kwa maeneo yenye mvua chache, aina ya desmodiamu yenye majani ya kijani na nyasi za brakiaria huchukua nafasi ya mimea ya awali. ICIPE imeripoti mavuno ya mahindi kupanda kutoka takriban tani moja kwa hekta hadi tatu na nusu kwa wakulima waliofuata mfumo huo kikamilifu.

Mfumo una gharama zake. Mbegu za desmodiamu ni ndogo na si za bei ya chini. Huchanganywa na mchanga au mbolea ya fosfeti, kisha hunyunyizwa kwenye mifereji myembamba. Msimu wa kwanza mche wake ni dhaifu na hutaka palizi ya makini, vinginevyo humezwa na nyasi. Mahali mifugo inapoachiwa itembee mashambani baada ya mavuno, desmodiamu huliwa ikaisha. Mkulima mwenye ng'ombe wa zizini hufaidika zaidi kuliko asiye na mfugo.

Mbegu stahimilivu

Njia nyingine ni kupanda zao lisilotoa wito. Mwanasayansi Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, pamoja na wenzake, walibuni kipimo chepesi. Mbegu ya mtama iliyoanza kuota iliwekwa ndani ya sahani yenye agari iliyochanganywa na mbegu za Striga. Baada ya siku chache walipima umbali kati ya mzizi na mbegu ya mbali zaidi iliyoota. Umbali mfupi ulimaanisha mtama unaotoa ishara hafifu. Kwa kipimo hicho walichambua mitama mingi na kuzalisha aina zenye mavuno mazuri na ustahimilivu. Mwaka 1994 tani nane za mbegu hizo zilisambazwa katika nchi 12 za Afrika, na mwaka 2009 Ejeta alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Tanzania ilipokea matunda ya kazi hiyo. Mwaka 2002 mitama miwili iliyotokana na utafiti wa Purdue iliidhinishwa nchini kwa majina ya Hakika na Wahi. Kwa kunde zinazosumbuliwa na Alectra, watafiti wa Tanzania walitoa aina ziitwazo Vuli AR. Katika mpunga, baadhi ya aina za NERICA, ambazo ni machotara ya mpunga wa Afrika na wa Asia, zimeonyesha ustahimilivu mzuri dhidi ya kiduha. Hakuna aina isiyoshikwa kabisa kila mahali, kwa sababu iliyotajwa ya tabia mbalimbali za gugu lenyewe. Mbegu stahimilivu hufanya kazi vizuri ikipandwa kwenye udongo uliorutubishwa na pamoja na zao la mtego.

Dawa na kuvu

Kunyunyizia kiuagugu juu ya shamba hakusaidii sana, kwa kuwa kiduha huwa chini ya ardhi wakati wa madhara. Wataalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, taasisi ya Weizmann ya Israeli na watafiti wa Kenya waliigeuza dawa iingie ardhini pamoja na mbegu. Walitumia mahindi yanayovumilia kiuagugu kiitwacho imazapiri, wakaipaka mbegu dozi ndogo ya dawa hiyo. Mbegu ikipandwa, dawa hukaa kuzunguka mzizi mchanga na kuua viduha vinavyojaribu kushika. Mahindi hayo yaliingia sokoni Kenya katikati ya miaka ya 2000 kwa jina la Ua Kayongo. Mpandaji hutakiwa kunawa mikono vizuri kabla ya kugusa mbegu za maharage au zao jingine, kwani mabaki ya dawa viganjani yanatosha kuziua. Kikwazo kikubwa ni kwamba mkulima hulazimika kununua mbegu hiyo kila msimu, na upatikanaji wake vijijini si wa uhakika.

Njia mpya zaidi hutumia adui wa asili wa kiduha, aina ya kuvu wa Fusarium anayeishambulia Striga bila kuyadhuru mahindi. Watafiti wa Kenya na wa Chuo Kikuu cha Montana State, Marekani, waliwajaribu kuvu hao katika mashamba yapatayo 500 ya magharibi mwa Kenya. Kuvu hukuzwa kwanza maabara juu ya vijiti vya kuchokolea meno, ambavyo husafirishwa kwa urahisi hadi kijijini. Huko wali hupikwa, hupozwa ndani ya chombo safi chenye mfuniko, na kijiti huchomekwa ndani yake. Baada ya siku chache wali huwa umefunikwa na kuvu, na kiasi chake kidogo cha kushikwa kwa vidole vitatu huwekwa katika kila shimo pamoja na mbegu ya hindi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha ongezeko la mavuno la kati ya asilimia 42 na 56. Bidhaa hiyo iliidhinishwa Kenya mwaka 2021 kwa jina la Kichawi Kill.

Mfano wa Marekani

Mwaka 1956 kiduha chenye maua mekundu kiligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya North Carolina na South Carolina. Aliyekitambua ni mwanafunzi kutoka India, aliyekwisha kukiona kwao. Serikali iliweka karantini, ikakagua shamba kwa shamba, ikanyunyizia dawa kila mahali nafaka na nyasi za jamii yake zilipoota, na ikadunga gesi ya ethilini udongoni kwa matrekta. Gesi hiyo huamsha mbegu za Striga zikaota bila mwenyeji na kufa. Eneo lililoathirika, takriban hekta 175,000, lilisafishwa kwa zaidi ya asilimia 99, lakini kazi ilichukua zaidi ya miongo mitano na mamia ya mamilioni ya dola.

Gharama hiyo haiwezi kubebwa na mkulima wa ekari mbili wa Shinyanga au Siaya. Kanuni iliyotumika, hata hivyo, ndiyo ile ile ya zao la mtego na desmodiamu: mbegu iamshwe pasipo na cha kunyonya, na isiruhusiwe kuzaa hata mara moja.

Mbosyo na nyuzi za juu ya miti

Kanuni hiyo haifanyi kazi sawa kwa kila gugu kimelea. Mbosyo huweza kuishi bila mwenyeji, na mbegu zake haziuhitaji wito wa mzizi. Huota zikipata unyevu na mwanga. Zao la mtego halina maana kwake. Kinachosaidia ni kusawazisha shamba na kujenga majaruba yanayoshika maji, kupanda mpunga mapema uwahi kupata nguvu, kung'oa kabla ya mbegu kukomaa, na kuchagua aina za mpunga zinazolistahimili.

Vimelea vya mashina ni kundi jingine. Mlangamia, unaojulikana sana pwani, na Kaskuta, ambayo imeenea juu ya nyua na miti katika sehemu za Kenya, hufanana kama nyuzi za njano zilizotupwa juu ya kichaka, ingawa hazina undugu: mlangamia ni wa ukoo wa parachichi. Zote mbili hufyonza mashina, na kipande cha uzi kilichokatika huweza kushika tawi jingine. Kuzing'oa na kuziacha chini ni kuzipanda upya. Tawi lililofungwa hukatwa pamoja na nyuzi zake na kuchomwa, na miche ya kununua hukaguliwa kabla ya kupelekwa shambani. Virukia, vinavyoota juu ya matawi ya miti ya matunda kutokana na mbegu zenye ulimbo zinazoachwa na ndege, huondolewa kwa kukata tawi chini ya mahali viliposhika, kwa sababu kiungo chao cha kunyonya huwa kimeingia ndani ya mti.

Mpango wa shamba

Kwa kiduha, hakuna njia moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Mpango unaofaa hutegemea kiwango cha tatizo. Shamba ambalo kiduha kimeonekana kwa mara ya kwanza huokolewa kwa kung'oa kila mmea kabla ya kuzaa, kwa misimu kadhaa mfululizo, na kwa kutoingiza tena mbegu chafu. Shamba lililoathirika kwa wastani hupewa mzunguko: msimu wa soya, karanga au marejea, kisha nafaka stahimilivu yenye samadi shimoni, huku kung'oa kukiendelea. Lililojaa kabisa hufaa kuondolewa nafaka kwa misimu miwili au zaidi na kupandwa mikunde, pamba au alizeti, au kuwekwa chini ya desmodiamu kwa miaka mitatu hadi minne kabla ya kutarajia mavuno kamili. Katika kila hali, maendeleo hupimwa kwa idadi ya viduha vilivyochomoza katika kipande kile kile mwaka hadi mwaka. Idadi ikishuka, mbegu zilizomo ardhini zinapungua, na ikipanda, kuna mahali gugu limeachwa likazaa.